Jinsi ya Kukaa Kimya mbele za Mungu

Falemalama,
Savai'i, Samoa.
14 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Pelenato,

Hujambo huko Brisbeni? Losa na watoto hawajambo? Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya hicho chumba cha nyama unachofanyia kazi? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, na jirani yetu Tiresa amekitangazia kijiji kizima, asije mtu akakosa habari. Anasema matanga hunenepesha wavivu. Nilimwambia basi kwake kuna msiba tangu azaliwe.

Mvua imetuonea mwaka huu. Magimbi ya nyuma ya nyumba yameoza. Yule nguruwe wako tulimla kwenye matanga, kwa hiyo usimuulizie tena.

Asante kwa kuyatazama mazishi ya Mama kwenye simu. Watu walikiona kiuso chako kidogo kikilia, kisha mtandao ukakatika, wakasema maskini Pelenato. Mimi nikasema mtandao umemhurumia.

Barua yako nimeipata. Unasema kikundi chenu cha sala hakiwezi kukaa dakika mbili bila mtu kuchungulia simu yake. Unasema umewasimulia habari za dada yako anayekaa na Mungu nusu saa kila jioni bila hata kufukuza nzi, na za mama yako aliyefia ndani ya sala hiyo. Na sasa padri wenu amekubali mninunulie tiketi nije niwafundishe. Kabla hamjainunua, isome barua hii mpaka mwisho, na uisome peke yako.

Somo lenyewe ni fupi. Sista Pulisita alitufundisha kwenye mafungo miaka tisa iliyopita. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, nikaendelea mimi tu. Unakaa. Unachukua neno moja. Mimi nilichukua "Baba". Mawazo yakija huyafukuzi wala huyafuati, unarudi kwenye neno lako. Sauti nazo ni vivyo hivyo. Jogoo akiwika, mtoto akilia, pikipiki ikipita, unaacha zipite.

Tiresa aliwahi kuniuliza, "Dada, huyo Mungu unayemkodolea macho kila jioni, hana la kusema?"

"Analo," nikamjibu, "ila hapati nafasi, wewe unaongea."

Kusema kweli, kwa miaka hiyo tisa sikuuona huo ukimya. Nilikuwa nakaa hapo nikiwaza nguo za kufua, sukari ya Mama na mdomo wa Tiresa. Kilichonikalisha ni kiburi. Nyumba yetu haina kuta, na kila aliyekuwa upande wa pili wa barabara alikuwa ananiona.

Wewe umeisahau sa, ile saa ya sala ya jioni ya kijiji kizima. Ulikulia humo na ulichapwa kwa ajili yake, lakini umeisahau. Mtungi wa gesi ukigongwa mara ya kwanza watu wanaingia ndani, mara ya pili wanasali, na mpaka ugongwe mara ya tatu hakuna anayepita barabarani kwa sababu ya walinzi wa kijiji. Huko zamu yako inaisha saa tisa. Ukishaoga na kuingia kwenye gari lako, huku ndiyo mtungi umegongwa mara ya pili, na kila siku ya Mungu saa hiyohiyo ulimpigia Mama.

Wazee wa kijiji waliniita mara mbili kwa sababu ya mlio wa simu hiyo. Basi, kila ilipokuwa sa, nikawa naiweka simu juu ya boriti, nyuma ya kopo la biskuti. Mama alinuna. "Unanificha mwanangu," alisema. Nikamwambia Mungu naye ana mwana, amsikilize huyo kwanza.

Jumanne ile ulipiga mara saba. Nilihesabu, kwa hiyo ujue kwamba nilisikia.

Ulipopiga mara ya tatu, Mama akaita, "Akenese, ndugu yako huyo." Nikaacha ipite. "We Akenese! Umekuwa jiwe?" Nikarudi kwenye neno langu. Nikasikia gongo lake likigusa nguzo, nikajua amesimama kwa ule mguu mmoja aliobakishiwa na kisukari, anaitafuta simu. Nalo hilo nikaliacha lipite. Mapazia ya makuti ya upande wa nyuma yalikuwa yameshushwa kwa ajili ya mvua. Alipoyumba alishika pazia, na pazia halimzuii mtu. Akaangukia nje, kwenye mawe ya msingi. Nilimsikia akianguka, Pelenato, na nilijua ni yeye.

Sikuinuka. Usiwasingizie wazee wala sa, kwa maana walinzi wa barabarani wangekuja kumbeba wao wenyewe kama ningepiga ukelele mmoja. Nilijiambia kwamba hili ni jaribu, na kwamba safari hii sitashindwa. Nikakaa mpaka mtungi ulipogongwa mara ya tatu, kama dakika kumi na mbili hivi. Nikafanya ishara ya msalaba, nikanyoosha magoti, ndipo nikatoka.

Alikuwa macho, mvua inamnyeshea usoni. Akaniuliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, nipe simu."

Nilipoishusha ulikuwa umeshachoka kupiga. Alikata roho njiani, kabla hatujafika hospitali.

Walinzi walikisimulia kijiji jinsi walivyoniona nimekaa wima, sitikisiki. Padri akalihubiri Jumapili, wanawake wakanibusu mikono. Nami nikakupigia nikakwambia Mama alifia katika sala. Sikukudanganya. Sala ilikuwa yangu.

Bado sijakwambia lililo baya zaidi. Katika zile dakika kumi na mbili ndipo nilipoupata ukimya. Mama yuko kwenye mawe, na mimi kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sikuwaza chochote. Neno langu lenyewe liliniacha. Ilikuwa amani tupu, na nilikuwa na furaha, Pelenato, furaha ambayo sijawahi kuionja popote. Tangu siku hiyo nakaa kila jioni nikiitafuta tena, na hilo ndilo ninalolitafuta, si msamaha.

Najua mwanamume wa kwetu hainui sauti mbele ya dada yake. Heshima hiyo mimi mwenyewe nakuvua leo. Niite jina lolote unalotaka. Ila usiniandikie kwamba umenisamehe, maana nitajua kwamba barua hii hukuimaliza. Na kama baada ya haya padri wenu bado anataka mwalimu, mwambie tiketi niko tayari kuipokea, kwa sababu kukaa kimya najua.

Msalimie sana Losa. Mbusu Setefano na mdogo wake, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mjomba Mikaele anakusalimu, na hata Tiresa anakusalimu. Mungu wa Mama awalinde nyote hapo nyumbani, na usiku awape usingizi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiacha kunipenda,

Akenese