Mkanda wa Inzi

Jumapili, Julai 1996

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na nimechekea jikoni ili Baba Neema asinisikie.

Miaka mitatu namwomba mume wangu huyu achimbe choo kipya. Jibu lake ni lile lile: "Cha zamani bado kizima." Basi juzi nikamfuata Shija, mwenye banda la video hapa Nsemulwa, nikampa mkanda wa video wa inzi, wa somo la afya, niliouazima zahanati. Nilimwomba auonyeshe leo kabla ya filamu ya karate.

Akaguna. "Mama Neema, watu watanizomea."

"We uweke tu. Mambo ya kweli yanatisha kuliko karate."

Baba Neema alikaa mbele kabisa. Inzi akatokea mkubwa kama ng'ombe, katoka chooni, katua kwenye chakula, anatapika, anasugua miguu. Mzee mmoja akatema muhogo wake: "Jamani, nyie, ndivyo tunavyokula?"

Karate ilipoanza, mume wangu hakuwepo. Nilimkuta nyumbani, kavua shati, shimo limefika magotini.

"Ulijua kuna mkanda wa namna ile?" akaniuliza.

"Mimi? Nitajulia wapi?"

Ila sasa naogopa kidogo. Amegoma kula dagaa, ati wanaanikwa mchangani na inzi wanatua. Na kesho mama yake anafika kutoka Ikola na gunia zima la dagaa. Mume wangu alitaka mimi ndiye nimweleze mama yake kuwa hali tena dagaa. Nikakataa, mama ni wake.

Jioni nikamsikia anajaribu maneno mle shimoni, huku anachimba: "Shikamoo mama. Mama, usikasirike..."