Bodi Yangu, Sifa za Shemeji

Shoga, hebu nikusimulie.

Ile bodi ya saketi niliyoichora mwenyewe, nikaichovya kwenye dawa ya kula shaba mpaka vidole vikageuka njano? Leo mume wa dada kamwonyesha mteja wake sebuleni. "Nimeibuni mimi."

Mimi. Nami nimekaa hapo hapo.

Mteja akauliza, "Mbona huu waya unapita juu?"

Shaba iko upande mmoja tu wa bodi, njia za umeme zikikutana lazima moja irushwe juu kwa waya. Mume wa dada hajui hilo. Akakohoa, akanigeukia: "Shemeji, hebu tuletee chai."

Chai, shoga.

Nilifungua mdomo niseme. Dada, aliyekaa kando ya mumewe, akanitazama kwa macho ya kunibembeleza, nikaenda jikoni kupika chai.

Nikaipeleka. Mteja akanishukuru sana.

Kwa chai.