Mama Alipompigia Daktari Magoti

Jumatano, Mpanda. Jua la leo limechoma utosi, mvua zimegoma, vumbi mpaka kwenye meno. Na mimi nimetoka kugombana na mama yangu mzazi. Naandika kwa sababu nikiendelea kuongea nitalia.

Mama alikuja Jumapili kutoka Mpimbwe kwa ajili ya goti. Miaka yote ya kuinama kwenye majaruba ya mpunga imemfikisha hapa. Akiamka asubuhi anashika ukuta kwanza. Kule kwetu wanasema ute umekauka, wanakupa mafuta ya kuchua, yameisha hayo.

Mimi ndiye niliyemwita. Nilisikia kuna madaktari wamekuja mjini kufanya utafiti wa magoti, wanatafuta watu wa kujaribu nao sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Wanataka kujua kama gegedu lililoanza kulika linaweza kujirudi. Hawaahidi kitu, walisema wazi. Lakini kesho saa sita mchana wanafunga, gari lao linaelekea Sumbawanga.

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku yetu.

Daktari ni kijana wa Dar, mpole, hana makuu. Alitueleza sote kwenye benchi kwamba gegedu ni ule ulaini mweupe tunaoutafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Likiwa gotini, mifupa inateleza. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiumia halijitibu kama kidonda cha ngozi. Tena halina neva, kwa hiyo linaisha kimyakimya, mtu hajui mpaka mfupa uanze kusugua mfupa. Wanamtaka mtu ambaye gegedu limepungua lakini halijaisha. Mzima hawamchukui.

Tukaitwa. Daktari akasema, "Shikamoo mama."

Na mama yangu, aliyeshindwa kushuka kitandani leo asubuhi, akapiga magoti.

Yote mawili! Kwenye sakafu ya saruji! Akaitikia, "Marahaba baba, karibu kwetu," kisha akainuka bila kuguna, uso mkavu, maana alitulea hivyo: mgeni husalimiwa chini, na ukiguna wakati wa kumsalimia umemtukana. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Daktari hakuliona. Aliona mama mtu mzima amekwenda chini na kurudi juu bila kushika kitu.

"Eh, mama yuko vizuri sana," akasema, anatabasamu.

Akambonyeza goti, akamuuliza kama linauma. "Hapana baba, namshukuru Mungu." Nikaingilia, "Daktari, huyu haongei ukweli, anaumwa." Mama akacheka kile kicheko chake cha wageni, akasema mtoto wake huyu ana wasiwasi tangu utotoni. Daktari angemwamini nani? Mwenye goti, au mimi? Alisema hawezi kumchoma mtu sindano bure. Hakukosea, ndicho kinachoniuma.

Pale nje kuna ngazi. Mama alizishuka kinyumenyume, ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili.

Kwenye bajaji nilishindwa kujizuia. Nikamwambia umelitupa goti lako kwa ajili ya salamu. Salamu, mama!

Akanijibu bila kunitazama, "Sasa nimsalimie mgeni nimesimama kama nguzo ya umeme? Atasema huku Katavi hatukufundwa?"

Hasira imenijaa mpaka masikio yanalia. Nikamwona akilini, mwakani au mwaka unaofuata, mama yangu anatambaa kwenda chooni, na daktari wa watu anakumbuka yule bibi mwenye heshima wa Mpanda.

Tulipofika nyumbani akajitupa kitandani, akachukua rozari yake, akaanza kusali amekaa, miguu ameinyoosha kwenye mto. Siku hizi anasali hivyo. Hapo mdomo ukanitoka.

"Mbona Mama Maria unamsalimia umekaa? Au yeye si mgeni?"

Nikajua nimeharibu. Mama hataniwi kwenye sala. Alinikazia macho, punje moja ya rozari imebaki katikati ya vidole, nikawa nasubiri laana. Halafu akasema taratibu, "Yeye anajua ninavyoumwa."

Akamaliza sala yake. Mimi nikaenda jikoni kuvunja vijiti ambavyo havikuhitaji kuvunjwa.

Jua lilipoanza kupungua akaniita. Alikuwa analichua goti, na safari hii alikuwa anaguna wazi, bila kujificha. Akasema kesho tuwahi kabla ya foleni. Akasema nikae kimya, ataongea mwenyewe. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa atabadili mawazo, nikaitika tu, "Haya mama."

Sijui kama watamsikiliza. Sijui kama picha ya goti watakayompiga itaonyesha kuna gegedu limebaki, au tumechelewa na mfupa umeshakutana na mfupa.

Ninavyoandika hivi yuko uani. Mwanzo nilidhani anaongea na jirani. Nimechungulia dirishani, yuko peke yake, ameshika nguzo ya kamba ya nguo, ameutazama ukuta.

"Marahaba, baba." Magoti yanataka kujikunja, anajizuia. Anavuta pumzi.

"Marahaba, baba. Nisamehe, leo nakusalimia nimesimama."