Nimemkabidhi Mungu zamu

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha wodini. Aibu niliyoipata, sina hamu!

Yule binti wa kitanda cha dirishani alizidiwa. Mama yake akanishika mkono: "Nesi, muombee mwanangu."

Nikafumba macho. Maneno hakuna! Mimi, mwanakwaya mzima! Mara nasikia mdomo wangu unasema, "Mgonjwa hali yake si nzuri. Presha inashuka. Dawa amepewa, hazijasaidia."

Nakabidhi zamu, shoga, kama kwa nesi anayeingia! Namkabidhi Mungu zamu!

Mama wa watu akaitikia, "Amina." Kwa sauti kabisa.

Binti amefariki. Mama yake ananiambia, "Angalau wewe umemwambia Mungu ukweli."

Imani yenyewe siioni ilipo. Nanawa uso tu. Mama wa kitanda cha jirani ananisubiri mlangoni, anataka nimuombee mwanawe vilevile.