Ule Weupe Haukuwa Maziwa

Mdogo wangu Lemayian,

Kila nikianza habari za hospitali unanikatisha, unaniuliza hali ya ng'ombe wa shemeji yako. Basi leo naandika, na barua huwezi kuikatisha! Siku zile ulikuwa hujitambui. Mimi ndiye niliyeziona, na kuna jambo moja sijakuambia hadi leo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichunga ng'ombe kule Nainokanoka kwenye ukungu, tunapotezana hatua chache tu, unanipigia mluzi nikufuate? Kule wodini Karatu nilikupigia mluzi huo chini ya barakoa, na hukugeuka. Korona ilikuwa imekubana mapafu, mashine ya oksijeni inanguruma, na daktari akaniambia nijiandae kwa lolote. Nilimchukia kwa neno lile.

Mama akatuma kibuyu cha maziwa ya mgando, kimefukizwa moshi ndani kama unavyopenda. Nesi, yule dada Mwiraqw mwenye sauti kali, akanikataza kabisa: "Atapaliwa huyu. Asipewe kitu mdomoni, analishwa kwa mpira wa puani." Nikaitikia. Alipotoka tu, nikakupa vijiko viwili. Ndiyo, mimi! Kwetu kumnyima mgonjwa maziwa ni kumkatia tamaa, na mimi sikuwa nimekukatia tamaa.

Ukapata nafuu kidogo, kisha homa ikarudi kwa kishindo na ulimi wako ukawa mweupe. "Umempa maziwa!" nesi akanifokea. Nikakana macho makavu. Kesho yake weupe bado upo, akanifokea tena, akaupangusa juujuu, akanitoa nje. Kila aliyepita kitandani kwako aliona maziwa ya Wamasai tu. Nikakaa kwenye benchi nikijua wasilolijua wao: vijiko vile vilikuwa vya Jumapili, na leo ni Jumatano. Maziwa gani hayo ya kukaa mdomoni siku tatu? Lakini kulisema hilo ni kukiri uongo, na niliogopa watanifukuza ufe peke yako.

Nikainuka nikaingia. "Nesi, nilimpa Jumapili, vijiko viwili, nikakudanganya. Tangu hapo sijampa hata tone. Huo weupe si wangu."

Akanitazama kwa hasira, mara hasira ikamtoka. Akachukua kijiti akakwangua ulimi. Weupe ukagoma kutoka, na pale ulipobanduka damu ikachuruzika. Alitoka mbio! Daktari akaja, ukatolewa damu ya kupima, ukawekewa dripu nyingine palepale.

"Ni fangasi," akaniambia.

"Fangasi? Si ile ya vidole vya miguu?"

Hakucheka, maskini. Akanieleza kwamba dawa zilizotuliza mapafu yako zilikuwa pia zimepunguza kinga ya mwili, fangasi ikapata mwanya. Majibu yalipotoka tukaambiwa imeshaingia hadi kwenye damu. Tungeendelea kugombania maziwa, tungekuzika.

Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka, hadi asubuhi moja nikagusa paji lako likawa limepoa. Ukafumbua macho, ukauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Ng'ombe wako na nani?" Weee! Nilipiga vigelegele wodi nzima ikashtuka. Nesi alikuja kunikaripia, akakuona, akanikumbatia, tukarukaruka wote wawili.

Nilikosea kukupa vile vijiko, ningeweza kukuua, na ninakuomba radhi. Lakini ule ukweli niliousema kando ya kitanda chako ninajivunia, hata mbele ya watu.

Jana ulinipigia simu kutoka Olbalbal ukiwa nyuma ya ng'ombe, nikakushauri upumzike, uwaachie wengine kuchunga. Loo, ulivyonigombeza! Ukagomba, ukawapigia ng'ombe mluzi katikati, ukaendelea kugomba huku unapanda kilima, hukusimama hata mara moja kuvuta pumzi. Nilitoa machozi ya furaha, na wewe ukadhani umeniumiza. Nigombeze tu, baba. Nigombeze hadi tuzeeke.

Mimi dada yako, ambaye hajatubu kukushauri