Vichaka vya Mama Vimewaka

Kwako kaka yangu Henn,

Sisi wazima. Theluji imefika dirishani, na pipa la kabichi ya chumvi bado limejaa.

Vichaka vya marehemu Mama navyo vipo. Machi iliyopita ulipovikata vikabaki visiki, Baba alikufukuza akidai umeviua. Basi vilichipua vyote, na baridi hii matawi ni mekundu kuliko tulivyowahi kuyaona. Baba akageuza kiti, akaipa bustani mgongo, akisingizia mwanga unamuumiza macho.

Jana jirani Aino alipita akapaza sauti, "Wewe Kalju, bustani yako inaungua huku!" Baba akaguna tu. Baadaye nikakuta kiti kimeelekea dirishani, na chai imempoa mkononi.

"Visipokatwa tena," akauliza bila kunitazama, "wekundu utapotea?"

"Utapotea, Baba. Matawi mapya tu ndiyo yanayowaka hivyo."

"Basi Machi kata wewe."

"Mimi? Mimi sijui, nitaviua."

Akaweka kikombe chini. "Haya, mwandikie anayejua."

Ndiyo nakuandikia. Na ukifika, usije ukamwambia kwamba ulinifundisha kuvikata.

Dada yako anayekungoja,
Leelo