Nyonga ya Kushoto, Mvua Hamna

Jumatatu, 8 Mei

Mvua: hamna. Sikwenda kusoma kipimamvua. Nimetazama anga kwa dirisha la jikoni, nikaliamini.

Miezi saba tangu wanibadilishie nyonga kule Adelaide. Waliniambia kufikia Krismasi nitakuwa nacheza dansi. Hata kabla ya hapo sikuwa mchezaji, labda ndiyo maana.

Kibaya ni kuinuka kitini. Hatua za mwanzo ni kama mtu ananipigilia msumari pajani kutokea ndani. Nikishatembea kidogo msumari unapoa, unabaki moto wa chini kwa chini, kama kisiki kilichozimwa kivivu.

Leo kliniki ya mjini. Muuguzi ni Jobina, binti wa Kihindi kutoka Kerala, mwaka wa pili huu yuko kwetu.

"Maumivu vipi, mama? Katika kumi, ngapi?"

"Mbili."

Akaweka kalamu chini. "Watu wa huku kila mtu ni mbili! Wiki jana kaja mzee mmoja, kidole chake kilichokatika kiko ndani ya kopo la kahawa. Nikamuuliza. Mbili, anasema!"

Tukacheka sote. Kisha nikashuka ngazi za kliniki huku nimeuma shavu kwa ndani.

Jumatano, 10 Mei

Glenys kapiga simu kabla chai haijaiva. Ni jirani yetu, mumewe ndiye anayelima mashamba yetu tangu Merv wangu astaafu. Hakusalimia. "Mmepata milimita ngapi?"

Alfajiri palipita manyunyu. Kipimamvua kiko kwenye nguzo nyuma ya zizi la kondoo, ng'ambo ya geti. Kukisoma ni kazi yangu tangu niolewe — mama mkwe alinikabidhi hicho kabla ya funguo za kabati. Watu wa huku hudanganya umri, uzito, na idadi ya bia. Mvua hawaidanganyi. Wamepanda ngano kwenye vumbi, wanangoja.

Nilitazama ngazi ya baraza ilivyolowa. "Mbili," nikasema.

"Mbili tu? Sisi sita, shoga!"

"Mvua ina wenyewe."

Mbili tena. Inaelekea ndiyo namba pekee niliyobakiwa nayo.

Jumapili, 14 Mei

Sikukuu ya akina mama. Mwanetu Darcy kapiga kutoka Perth.

"Nyonga vipi, mama?"

"Siyo mbaya."

"Mzee je?"

"Siyo mbaya."

"Na mbwa?"

"Anachechemea, maskini. Kesho tunampeleka kwa daktari."

Nyumba hii mbwa peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuugua.

Tulipotoka kanisani tukapita mbele ya nyumba ya Una Klose. Una alikuwa na nyonga kama yangu. Nayo ilimsumbua kama yangu, naye akawaambia madaktari ukweli. Wakamfungua upya, wakaing'oa nyonga nzima, wakamwacha hivyo hivyo wiki nyingi wakingoja usaha uishe. Hakurudi tena kwake. Hajafa — kawekwa nyumba ya wazee, kiti kinatazama televisheni. Mapazia yake bado yananing'inia dirishani, yamepauka upande wa jua.

Merv alipunguza mwendo. Mimi nikatazama kondoo wa upande wa pili. Kondoo hawana habari.

Jumanne, 16 Mei

Kuna kitu.

Nilikuwa naoga. Mkono ukapita juu ya kovu, ukakutana na kijiuvimbe. Nikachukua kioo cha Merv cha kunyolea, nikajikunja kadiri msumari ulivyoniruhusu. Kipele. Kidogo kama punje ya dengu, mwisho wa kovu kwa chini. Nikakibonyeza. Likatoka tone.

Ngozi ya pale ina moto. Nimepima kwa kiganja upande wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tena. Ina moto.

Labda unywele umeotea ndani. Labda uzi wa mshono. — Una naye alisema ni uzi wa mshono!

Nimebandika plasta. Nimevaa sketi ndefu. Merv kauliza mbona sili, nikasema nimeonja sana wakati wa kupika.

Mvua: hamna.

Alhamisi, 18 Mei

Niandike hili kabla halijapoa.

Chakula cha jioni, mbavu za kondoo na viazi. Merv hutafuna kama mtu anayesoma mkataba. Akauliza bila kuinua macho:

"Mvua ngapi leo?"

"Hamna."

"Na jana?"

"Hamna, baba. Ungeisikia kwenye bati."

Akatafuna. Akameza. "Ajabu. Juzi jioni nimemimina nusu kopo la bia mle kwenye kipimamvua."

Nikamsogezea chumvi.

"Bia ile nzuri?" nikauliza. Ndilo nililoliona la kusema.

"Ile ya rahisi. Sijawa mwehu bado." Akaweka uma. "Nimemwona buibui wa getini, bibie. Kajenga ghorofa zima kati ya nguzo na komeo. Wiki yote hakuna aliyempitia. Hata mimi na bia yangu nilizunguka kwa nyuma, nisimvunjie nyumba."

Nikakusanya maganda ya viazi, ingawa hayakuwa yametawanyika.

"Unaogopa nini?" akauliza. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniuliza hivyo. Huniuliza ufunguo wa pikapu uko wapi.

"Yaliyompata Una," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na mimi."

Basi nikasimama, nikashika meza mpaka msumari ulipotulia, nikapandisha sketi, nikabandua plasta. Merv akawasha taa ya pili. Akavaa miwani. Akatazama.

Huyu ni Merv, ambaye ng'ombe wetu alipovunjika mguu alisema siyo mbaya. Ambaye ghala lilipoungua alisema siyo mbaya, tumepata nafasi. Nikamngojea aseme. Akanishushia sketi polepole kama anayefunika mtoto.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 19 Mei

Jobina kabandua plasta. Leo hakutania.

"Tangu lini, mama?"

"Kipele, Jumanne. Maumivu — tangu mwanzo."

"Na zile mbili zako?"

Merv akajibu badala yangu: "Zidisha."

Kachukua damu, kapiga simu Adelaide pale pale. Jumatatu wananichota maji ya nyonga kwa sindano. Nikamwomba vidonge vya kuua vijidudu walau nianze. Akakataa. Nisimeze hata kimoja kabla hawajachota, vitamficha mdudu wasimwone.

"Basi vina tabia kama yangu," nikasema. Akanishika bega, hakucheka.

Nimefunga begi la siku mbili. Merv kaongeza nguo za kulalia. Nimezitoa. Kazirudisha.

Mvua: hamna. Nimezunguka kwa nyuma, kwa mkongojo, nimeona kwa macho yangu. Bia nimeimwaga, kinanuka bado.

Jumatatu, 22 Mei

Adelaide. Kitanda karibu na dirisha, dirisha limetazamana na ukuta.

Sindano ni ndefu. Niliambiwa nitazame dari, nikatazama. Halafu nikakosea, nikatazama bomba lilivyokuwa linajaa. Nilitegemea rangi ya maji. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Daktari akalifunika haraka kwa kitambaa, kama mwanamke aliyeunguza keki.

"Nitarudi nyumbani?" nikamuuliza.

Akasema tuisubiri maabara. Akasema atapita kabla ya chakula cha mchana. Akasema nipumzike. Neno ndiyo hakulisema. Kumbe nao wa mjini wana siyo mbaya yao.

Kaja muuguzi nisiyemjua. "Maumivu, katika kumi?"

"Mb—"

Merv akakohoa.

"Nane," nikasema.

Akaandika nane, akaenda kitanda cha pili. Dari haikuanguka. Neno fupi hivyo! Mwili wote ukatetemeka kana kwamba nimebeba gunia miezi saba na sasa ndio nalitua. Au ni homa. Sijui tena kutofautisha.

Simu ya Merv. Glenys. Anavyopiga kelele nilimsikia nikiwa hapa kitandani: usiku kumenyesha kwetu! Kweli kweli! Kumi na moja! Kaenda kusoma mwenyewe.

"Na buibui?" nikamuuliza Merv.

"Kapita kwa nyuma. Nilishamwambia."

Kwa hiyo Glenys anajua. Kwa hiyo hadi leo jioni wilaya nzima itajua, na watanipikia keki za pole, na watapita mbele ya nyumba yangu wakipunguza mwendo.

Chakula cha mchana kimeletwa. Supu. Siigusi.

Vishindo vya viatu ukumbini. Vya watu wawili. Una aliniambia hivyo — kwake nao walikuja wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kukaa karibu na kitanda. Wamesimama nje. Wanaongea chini kwa chini.

Merv kanishika mkono. Mbele za watu! Kanisani siku tunafunga ndoa hakunishika hivi. Kiganja chake kimelowa.

Naandika kwa huu mwingine. Mvua: kumi na moja.

Mlango unafunguka.